Asubuhi Niliyokimbiza Mtaa Mzima

Nyinyi mnaoshona sasa, mnaokaa kwenye mashini tangu asubuhi mpaka jua linapozama nyuma ya mikaratusi, wekeni mkasi chini kidogo mnisikilize. Sitawafundisha kukata kola. Kola mnazikata vizuri kuliko mimi, nimeona kwa macho yangu, na wivu umenishika kidogo. Nataka kuwaambia habari ya miguu. Fundi wa nguo husahau kwamba ana miguu, mpaka siku miguu yenyewe itakapomkumbusha. Mimi yangu ilinikumbusha vibaya. Karibu nikatwe mmoja.

Wengi mnanijua: Mama Vero wa mtaa wa Mudzi Pela, hapa Bunia, yule bibi mnene mwenye kibaraza chenye pazia la kijani. Mama zenu niliwashonea nguo za harusi. Baadhi yenu niliwashonea nguo ya ubatizo, na mlinilia mapajani nikiwapima. Sasa nimestaafu, ingawa fundi hastaafu kweli kweli, anaacha tu kupokea vitambaa vya watu na kubaki na vya ndugu, ambao ndio wasumbufu zaidi.

Kazi nilijifunza kule Iga Barrière, upande wa Djugu, kwa mzee mmoja aliyeitwa Baba Filipo. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alikuwa na tabia ya kuvuta pumzi puani kabla ya kusema jambo, kana kwamba anaunusa ujinga wako kwanza. Mashini yake ilikuwa ya kusukuma kwa miguu. Alinikalisha mbele yake na hakunipa uzi. Nikakaa wiki kadhaa nikisukuma mashini bila uzi, bila kitambaa, sindano ikipanda na kushuka hewani. Watu waliopita barabarani walifikiri nimerukwa na akili.

“Weye uko unapiga mashini,” aliniambia. “Mashini apana muadui. Kisigino kishuke, vidole vishuke, kisigino, vidole. Polepole. Mikono itajifunza yenyewe.”

Nilimchukia. Halafu siku moja, sijui ilikuwaje, miguu ilishika mwendo na mimi nikaondoka. Ndivyo ninavyoweza kuieleza. Miguu ilibaki pale ikisukuma, na mimi nikawa mbali, kwa shangazi yangu kule Mahagi, naona malori yamepanga mstari kwenye vumbi, nasikia harufu ya ndizi zinazochomwa. Niliporudi, Baba Filipo alikuwa amesimama mbele yangu, na kwa mara ya kwanza hakuvuta pumzi. Akanipa uzi.

Miaka yote iliyofuata niliishi hivyo. Niliposhona mashati ya wanafunzi, mashati mengi yanayofanana, nilikuwa nasafiri. Nilikuwa ninaota huku macho yakiwa wazi na mshono ukinyooka. Sikujua kwamba miguu ile, kisigino na vidole, ilikuwa ikinilinda. Nani angejua? Nilidhani ninashona tu.

Halafu umeme ukafika avenue yetu, mtaa wetu huu. Binti yangu Sifa, mnamjua, yule anayeuza dawa karibu na soko, akaninunulia moteur ndogo ya kufunga kwenye mashini. Alifurahi sana siku ile, akanipigia picha. “Mama, sasa utapumzika,” alisema. Nami nilipumzika! Ukigusa kidogo, mashini inakimbia yenyewe kama mbuzi aliyefunguliwa. Kazi ya siku nzima niliimaliza kabla ya chakula cha mchana. Ile pedali ya zamani ikawa mahali pa kuwekea kopo la zipu.

Kwa kuwa nilimaliza upesi, nilipokea kazi zaidi. Kwa kuwa nilipokea kazi zaidi, sikusimama. Chai ililetwa hapo hapo, yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Bugali ililetwa hapo hapo. Wateja walioridhika waliniletea chupa ya sucré, soda baridi, na mimi si mtu wa kukataa zawadi. Kiti kikawa nyumba yangu.

Hapa niwape jambo la ufundi, kwa sababu hadithi ya mwili wangu imeandikwa katika nguo zangu. Unapofunga mshono wa ubavuni, acha ndani kitambaa cha upana wa vidole viwili. Usimwambie mteja. Mwili wa mtu haukai mahali pamoja, na siku atakaporudi na uso wa aibu, utafungua mshono na kumrudishia nguo yake bila kumuuliza swali. Hiyo ni heshima. Sasa, nguo zangu mimi nilizifungua vidole viwili, vikaisha. Nikaongeza kipande cha ubavuni. Kisha nikatoa zipu na kuweka lastiki. Msiiamini lastiki, wanangu. Zipu ikikataa kufunga, inakuambia ukweli mbele ya kioo. Lastiki inakubali kila kitu.

Siku moja Sifa alikuja kunisalimu, akasimama mlangoni akitazama sakafu. “Mama, iko damu.”

Nikatazama. Kulikuwa na alama ndogo ndogo nyekundu kutoka mezani mpaka kwenye pasi, na kutoka kwenye pasi mpaka mezani. Nilidhani mtu amejikata. Sifa akapiga magoti, akaushika mguu wangu wa kushoto, akauinua. Pini ilikuwa imezama katika unyayo mpaka kichwani. Ile pini yenye kichwa cha buluu, ya kubania kitambaa. Nilikuwa nimetembea nayo tangu asubuhi na sikusikia chochote.

Nyinyi mnajua maumivu ya pini. Fundi gani asiyeyajua? Sifa alipoivuta niliutazama mkono wake ukivuta, na nilikuwa kama ninatazama mguu wa mtu mwingine. Niliogopa siku ile kuliko nilivyoogopa risasi za vita. Nasema ukweli.

Ilikuwa sukari. Kidonda kilikataa kufunga kwa muda mrefu sana. Nilikwenda hospitali kikaoshwa, nikarudi, nikaenda tena. Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa Sifa, mwenye sauti ya chini, na sauti yake ya chini ndiyo iliyonitia hofu. Siku kidonda kilipofunga nilitaka kucheza ngoma pale pale. Yeye hakucheka.

“Mama Vero, kidonda kimefunga, lakini sukari iko. Dawa pekee haitoshe. Upunguze bugali, uache sucré, utembee kila asubuhi na viatu vya kufunika vidole. Utembee mbio mbio, jasho itoke. Kama unakaa tu vile ulikuwa unakaa, kidonda kitarudi. Na safari ile tutakata.”

“Mutakata wapi?”

Akaonyesha chini ya goti, kwa upole, kama mimi ninavyomwonyesha mteja mahali sketi itakapoishia.

Mtafikiri kwamba mwanamke aliyeambiwa hivyo ataamka kesho yake na kutembea. Hapana. Niliamka kesho yake na kukaa. Ndiyo maana nawaeleza haya, kwa sababu najua mtakuwa vile vile. Ndani yangu kulikuwa na bibi mwingine, mwenye maneno matamu kuliko mchungaji. Asubuhi nilipofungua macho alikuwa ameshaamka. “Kuna baridi leo, Vero. Ukungu huu utakupa kifua. Kuna nguo ya bi harusi inakungoja. Umeteseka sana maishani, mama, pumzika.” Kila neno lake lilikuwa kweli! Ndio ubaya wake. Nilibishana naye, na kila nilipobishana nilishindwa, na nikishindwa nilikuwa bado niko kitandani.

Siku moja nikamtambua. Alikuwa mteja. Yule mteja anayekuja na kitambaa saa mbaya, anataka kazi yake ifanywe sasa hivi, na ukimkatalia anakaa kibarazani analia. Mteja wa hivyo fundi habishani naye. Sote tunajua anachoambiwa. Basi asubuhi iliyofuata alipoanza na baridi yake, nikamjibu kwa sauti tamu, ile yetu ya mafundi: “Sawa, mama. Rudi kesho. Kesho itakuwa tayari.” Na huku nikivaa viatu. Aliondoka ameridhika kabisa, maskini, kama mlivyowaridhisha watu wengi nyinyi. Kesho yake akarudi, nikamwambia kesho. Mpaka leo anarudi, na mpaka leo nguo yake haijawa tayari.

Lakini kutoka mlangoni ni jambo moja, na barabara ni jambo lingine. Hapa kwetu mtu hatembei bure. Ukikutana na mtu, baada ya salamu ya yambo anauliza unaenda wapi, na lazima uende mahali. Mama mzima anayetembea bila beseni kichwani, bila Biblia mkononi, bila msiba wa kwenda kuulilia, anaelekea wapi? Siku ya kwanza sikuwa na jibu, nikarudi nyumbani kutoka kona ya pili kwa haya. Siku iliyofuata nilikunja gauni moja nikaliweka juu ya mkono, kama ninampelekea mteja. Gauni lile lilizunguka Mudzi Pela yote. Waendesha pikipiki walisimama kunihurumia. “Mama, panda, nikufikishe!” Nikasema niko karibu kufika. Jirani yangu Mama Zawadi, ambaye hakuna kinachompita, alivumilia siku chache, kisha akaniuliza kwa kunong'ona:

“Mama Vero, nani anakutafuta? Umechoma nguo ya mutu na pasi?”

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia, wala sikumwambia daktari. Nilitembea, ndiyo, ila polepole. Kila nilipotaka kuongeza mwendo, moyo ulianza kupiga mlango. Miguu yangu ilijua mbio za namna moja tu. Mara ya mwisho kuiharakisha ilikuwa barabara ya kutoka upande wa Djugu, zamani, tukikimbia vita, kichwa cha mashini kichwani pangu, chuma chote kile, na Sifa mdogo nikimvuta kwa mkono hata bega lake likavimba. Tulitembea tukiwa wengi na hakuna aliyesema neno. Nilipofika Bunia nilijiambia, sitaharakisha tena kwa ajili ya kitu chochote duniani. Mwili ulisikia ahadi ile na uliishika.

Basi mwili wangu nao niliuendea kwa hila. Nikachagua asubuhi ya ukungu mzito, ule ukungu wetu unaoshuka na kukaa barabarani kama mgeni asiyeaga, ambapo unasikia ng'ombe kabla ya kuwaona, na pembe zao zinatokea kwanza, ndefu, zikielea zenyewe. Nilitaka nisionekane. Niliacha gauni nyumbani. Nikafunga kikwembe changu cha kitenge vizuri, nikaanza, na nilipofika kwenye mteremko nikaiachia mikono iyumbe. Kisigino, vidole. Kisigino, vidole. Mwendo ukaongezeka. Moyo ukapiga, nikauacha upige. Ukungu ulikuwa ukifunguka mbele yangu na kufungika nyuma, nyumba zikija na kuondoka kimya, na kwa muda fulani sikuwa na umri wowote. Sijui nilikuwa wapi. Nilikuwa mwepesi.

Nikampita Mama Zawadi anafagia uwanja. Sikumsalimu, pumzi haikutosha. Nikasikia ufagio ukianguka.

Baada ya hapo nyuma yangu kukawa na sauti. Mlango mmoja. Kisha milango. Sufuria ikagonga sufuria. Mtoto akaitwa kwa jina lake lote. Nikageuka, na kutoka katika ukungu nikaona watu wanakuja: baba mmoja na godoro mgongoni, mama na mfuko wa unga, kijana anavuta mbuzi aliyekataa. Wanakimbia, hawasemi. Niulizeni nilifanya nini. Nilikimbia! Mimi mwenye mguu wa kukatwa, nilikimbia kama msichana, mbele yao wote, nikiwaza Sifa yuko wapi, Sifa yuko wapi.

Tulisimama kwenye uwanja wa kanisa, kwa sababu hapo ndipo watu husimama. Kila mtu anahema. Shefu wa avenue, mkuu wa mtaa wetu, alifika na kiatu kimoja, shati limefungwa vifungo vibaya.

“Batu ba bunduki beko wapi? Banatokea upande gani?”

Watu wakatazamana.

“Nani aliona?”

“Mimi niliona Mama Zawadi anakimbia,” alisema yule baba wa godoro.

Mama Zawadi alikuwa amebeba sufuria tupu na pazia. “Mimi niliona Mama Vero. Alipita bila kusalimia! Mama Vero apana mutu wa kukimbia bure. Ule alitoka Djugu na mashini ku kichwa, anajua.”

Wote wakanigeukia. Nikasema ukweli, nitafanyaje. “Mimi niliona nyinyi munakimbia.”

“Na mbele ya ile, kabla hujatuona?”

“Mbele ya ile... nilikuwa nafanya sport.”

Mbuzi akalia, na mtu mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikaenda uwanja mzima mpaka watu wakaketi juu ya magodoro yao. Nilicheka nami. Kisha nikamwona Mama Zawadi. Alikuwa amekaa chini, sufuria mapajani, analia bila sauti, mabega yakitikisika, na hakuweza kuacha. Yule baba wa godoro akanitazama. Hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. “Mama,” alisema, “hapa siye hatucheze na mbio.”

Niliona aibu ambayo siwezi kuwapimia. Nikarudi nyumbani, nikaketi kwenye mashini, nikagusa moteur, na sikutoka tena asubuhi. Yule bibi wa ndani hakuhitaji hata kusema. Nilijiambia: sasa unayo sababu nzuri, Vero. Unakaa kwa ajili ya amani ya watu.

Nilipoenda kupimwa, daktari alisoma, akasoma tena. “Iko inapanda,” alisema. Akautazama mguu wangu wa kushoto kwa muda mrefu, na mimi nikautazama pia, na nilihisi kama tunamtazama mgonjwa ambaye ndugu zake wameshaanza kuulizana habari za jeneza.

Jioni ile nilimwendea shefu wa avenue. Nilimweleza yote, pini, sukari, chini ya goti. Alifikiri, akakuna shingo. “Mama, shida apana miguu yako,” alisema. “Shida batu habakuwe na habari.” Basi Jumapili, baada ya misa, katika matangazo, baada ya ndoa zinazotarajiwa na mwavuli uliopotea, likasomwa tangazo kwamba kuanzia Jumatatu Mama Véronique wa Mudzi Pela atatembea kwa haraka kila asubuhi kwa agizo la daktari, na waamini wanaombwa wabaki nyumbani mwao. Kanisa lilicheka hata padri akashika mimbari. Nilitamani kuingia chini ya benchi. Lakini Jumatatu nilipita, na watu wakanipungia mikono kutoka milangoni. “Courage, Mama Vero!”

Tangazo lilitosha kwa avenue yetu. Halikutosha kwa avenue ya pili, ambako wanasali kanisa lingine, wala kwa wakimbizi waliofika juzi, wenye macho yanayotazama barabara hata wakila. Nilipowakaribia nilipunguza mwendo. Kwa hiyo nilikuwa nazungukazunguka mahali pamoja kama kuku aliyefungwa mguu, na jasho halikutoka.

Jibu lilinijia Jumamosi moja nikiwa nimekaa tu kibarazani. Ikapita lori la harusi, akina mama wamesimama nyuma, wote wamevaa kikwembe kimoja, wanaimba, na lori linaenda kwa fujo, honi, vumbi. Nikatazama upande huu na upande ule. Hakuna aliyefunga mlango. Watoto walikimbilia lori badala ya kulikimbia. Nikasimama. Wanangu, fikirini nanyi: ni nani aliyewahi kumwona mtu anayekimbia vita amevaa uniforme? Anayekimbia vita amevaa alichoamka nacho. Kikwembe kimoja kwa watu wengi ni harusi, ni kwaya, ni akina mama wanaokwenda njiani kumpokea askofu. Mtu akiona uniforme anauliza sherehe iko wapi.

Nilichagua kitambaa cha buluu chenye ndege wa manjano, cha kuonekana hata katika ukungu. Nikaanza na yangu. Blauzi pana chini ya kwapa, suruali pana, na kwa wale wanaoona haya ya suruali, sketi ya mikunjo juu yake. Andikeni hili: nguo ya mazoezi msiishone kama ya kukaa. Kati ya mapaja wekeni kipande cha pembe nne, kilichokatwa kwa mshazari, ili goti likipanda kitambaa kisilie wala kisichanike. Na mfukoni wekeni mahali pa peremende, kwa mwenye sukari ikimshuka ghafla njiani.

Mtu wa kwanza kuja kupimwa alikuwa Mama Zawadi. Nilishangaa mpaka mètre ya kupimia ikaniponyoka.

“Usinitazame vile,” alisema. “Kama utakimbia, afazali nikuwe karibu na weye, nijue sababu.”

Wakaja wengine. Aliyekuwa na pressure, aliyekuwa na mgongo, mjane mmoja ambaye alitaka tu kutoka nyumbani. Kila mmoja nilipompima aliniambia habari ya bibi wake wa ndani, na wote walikuwa bibi mmoja. Tulianza kwa kutembea. Tulicheka sana, tulipiga domo sana, na mwanzoni Mama Zawadi aligeuka kutazama nyuma kila kona. Hakuna aliyemlaumu. Sote tulikuwa na kona zetu. Kisha mwendo ukatushika. Wale mnaosukuma bado mashini ya miguu mtanielewa: inafika mahali hakuna anayesema, viatu tu, chini, chini, chini, na kila mmoja ameondoka kwenda kwake. Mjane alisema anaona shamba la baba yake, mahindi yamechanua. Mimi sikuona kitu. Nilikuwa ninasikia mguu wangu wa kushoto ukigusa ardhi, na ilinitosha. Sukari ikashuka, ikabaki chini. Binti daktari alipoona alinipigia makofi, peke yake katika chumba kile, kwa sauti yake ya chini.

Nawaambia sasa asubuhi moja, halafu niwaache mrudi kazini.

Tulikuwa tumeteremka mpaka barabara inayotoka upande wa Iga. Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote, tuliona ndege wa manjano wa aliyetangulia na hatukuona kichwa chake. Nikasikia miguu. Mingi. Si yetu. Miguu mingi inayokuja na hakuna sauti ya mtu. Nikajua, na wote wakajua, kwa sababu watu wa sokoni huongea, na wanaokimbia vita hawasemi.

Mama Zawadi akanishika mkono. Miguu yangu ilitaka kugeuka, wanangu. Ilikuwa na nguvu sasa, ingenifikisha nyumbani mara moja. Bibi wa ndani alikuja, na safari hii hakuwa na maneno matamu, alipiga kelele. Sikuwa na jibu la kifundi la kumpa. Nilisimama tu. Niliogopa sana na nilisimama.

Wakatokea. Walikuwa wametembea tangu giza. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Kijana na baiskeli iliyobeba mzee. Mbele yao wote bibi kizee, mdogo, miguu mitupu, godoro limekunjwa kichwani na kufungwa kwa kamba ya katani. Alipotuona alisimama. Alitazama buluu, alitazama ndege wa manjano, mmoja baada ya mwingine, mstari mzima wa akina mama waliovaa sare pembeni mwa barabara asubuhi ile. Nikaona uso wake ukitafuta, ukitafuta, kisha akajaribu kunyoosha kikwembe chake kilichochanika, kama mtu aliyejikuta kwenye sherehe ya watu bila kualikwa.

“Mutusamehe, bamama,” alisema. “Tunapita tu. Munangoja mugeni gani?”

Niliwatazama wenzangu, nao walikuwa wananitazama mimi.

“Tunakungoja weye, mama,” nikasema.

Nikainua mikono, nikachukua godoro, nikaliweka kichwani pangu. Mama Zawadi alimchukua yule mtoto wa mkononi. Wengine wakapokea mizigo, kila mmoja alichofikia, na tukageuka wote pamoja kuelekea mjini, tukapanda kilima kwa mwendo wa yule bibi kizee.